Neno Nililomfundisha Nembris

Harufu ya masizi yaliyochanganywa na majani ya viazi vitamu bado naijua hata leo, ingawa sijaisikia kwa miaka mingi. Kila Jumamosi asubuhi sisi wasichana wa darasa la nane tulikwangua masizi chini ya sufuria za shule, tukayaponda pamoja na majani hayo mpaka yakawa uji mweusi, kisha tukaupaka ubao wa darasa ili chaki ionekane wiki nzima. Mikono yetu ilibaki myeusi hadi Jumapili kanisani. Shule ilikuwa ya misheni, upande wa kusini wa Mlima Meru, katikati ya migomba na mibuni, na hiyo ilikuwa miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza. Tulilala bwenini, tukaamka kabla ya jua kuchomoza ili kuteka maji mtoni, tukachuma kahawa ya shule, tukala makande, tukaingia darasani miguu ikiwa na tope. Nikiukumbuka mwaka ule, kinachonijia kwanza ni uchovu. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na nilikuwa nachoka kama mtu mzima.

Mwisho wa mwaka ulikuwa na mtihani. Atakayefaulu angekwenda sekondari ya wasichana, na kutoka shule yetu hawakuwahi kuchukuliwa zaidi ya wawili. Atakayeshindwa angerudi nyumbani. Hesabu yenyewe haikututisha sana, maana tulikuwa tumeifanya kwa Kiswahili tangu tukiwa wadogo. Kilichotutisha ni kwamba karatasi ya mtihani ingekuja kwa Kiingereza, pamoja na aljebra, jiometria na maswali ya riba, faida na hasara. Mtu angeweza kujua kabisa namna ya kupata jibu na bado asijue ameulizwa nini.

Mwalimu wetu wa hesabu, Mwalimu Damari, alikuwa Mchagga wa Machame, mwembamba, mwenye sauti ya chini, ambaye hakucheka ovyo na hakupiga ovyo. Alikuwa na kitabu kimoja tu cha Kiingereza chenye orodha ya maneno ya hesabu kurasa za mwisho. Siku moja alirudi kutoka mjini Arusha na bunda la karatasi za kaki, zile ambazo maduka ya Wahindi yalifungia sukari, akazikata na kuandika maneno hayo kwa mkono, neno baada ya neno, akazibandika ukutani kwa uji mzito wa unga. Mengi hayakuwa na Kiswahili chake wakati ule, au kama yalikuwapo sisi hatukuyajua. Ilimbidi ayazungukie. Mistari ya “parallel” ilikuwa mistari miwili inayokwenda pamoja siku zote bila kukutana, na alituonyesha matuta ya viazi. Neno “interest” lilitusumbua wiki nzima, kwa sababu katika kitabu cha kusoma lilikuwa kupenda jambo, na hapa lilikuwa fedha inayoongezeka juu ya mkopo. “Therefore” alitufundisha kwa kutufanya tusimame na kusema: mvua imenyesha, kwa hiyo njia ina tope. Tulisema mpaka tukachoka.

Akatupanga wawili wawili. Mimi nilipangwa na Nembris. Baba yangu alikuwa mwinjilisti na aliwahi kufanya kazi na wamisionari, kwa hiyo nyumbani kwetu, juu kidogo ya Makumira, kulikuwa na Kiingereza cha kuokoteza, na shuleni nilihesabiwa kuwa mjuzi wa lugha hiyo. Nembris alitoka Oldonyo Sambu, upande wa pili wa mlima, kwenye ukame na mifugo. Nyumbani kwao walisema Kimaasai. Kiswahili alikikuta shuleni, na Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu kwake, nayo ilimtoa jasho. Lakini hesabu alikuwa nayo kichwani kama wengine walivyo na nyimbo. Alitazama swali, akasema jibu, kisha akakaa kwa subira kunieleza jinsi alivyolipata. Alichora kwa kijiti kwenye vumbi nyuma ya jiko. Kabla ya kukutana naye sikuwahi kuelewa kwa nini ile herufi ya aljebra inahamishwa upande wa pili ikibadilika. Alinieleza kwa Kiswahili chake chenye makosa, na nikaelewa moja kwa moja, maisha yangu yote.

Mimi nikamlipa kwa maneno. Kila alasiri, tukimenya ndizi za chakula cha jioni, nilimtajia neno naye akataja maana. Alikuwa ananiamini kabisa. Mwezi mmoja kabla ya mtihani tulifika kwenye maneno mawili yanayokwenda pamoja, “at least.” Mwalimu Damari alikuwa anaumwa malaria wiki ile, na alikuwa ametuambia wazi kwamba neno tusilolijua tumsubiri. Sikusubiri. Nilijua kwamba “least” ni kidogo kuliko vyote, na niliona aibu kukiri mbele ya Nembris kwamba kuna kitu sikijui.

“Maana yake ni kupungua,” nikamwambia. “Wakisema kumi, iwe chini ya kumi.”

“Chini ya kumi,” akarudia, na akaandika kwenye daftari lake.

Lile lilikuwa kosa la ujinga, na ningeweza kujisamehe. Lililofuata ndilo sijaweza. Ijumaa kabla ya mtihani, Mwalimu Damari, akiwa amepona lakini bado ana macho ya manjano, alinikuta ukutani nikisoma zile karatasi, akaniuliza maneno kadhaa. Nilipofika kwenye “at least” akanisahihisha. Akasema si kupungua, ni kutopungua. Wakisema kumi, iwe kumi au zaidi, isishuke hapo. “Mwambie na mwenzako,” akaongeza, na akaenda zake kulala.

Jioni ile sikumwambia. Nilisema moyoni nitamwambia kesho. Jumamosi nilimwona mtoni akifua shuka lake, peke yake, na kulikuwa na nafasi ya kutosha kabisa. Nilisimama juu ya mteremko na ndoo yangu. Sitasema kwamba nilisahau, kwa sababu sikusahau. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa naona aibu, na chini ya uchovu na aibu hiyo kulikuwa na jambo jingine ambalo nililijua hata siku ile: nafasi ni mbili. Binti wa mchungaji alikuwa wa kwanza darasani tangu darasa la tano, na nafasi yake haikuwa na shaka. Iliyobaki ilikuwa ama yangu ama ya Nembris. Nilijaza ndoo mahali pengine, juu zaidi, nikarudi kwa njia nyingine.

Jumatatu tukafanya mtihani. Swali la mwisho, lenye alama nyingi na vipengele vitatu vilivyotegemeana, lilihusu tangi la maji. Tangi lina madebe arobaini. Kila hori la ng'ombe linachukua madebe sita. Katika tangi lazima yabaki madebe kumi, “at least.” Je, yanaweza kujazwa mahori mangapi? Nilipolisoma niliinua macho. Nembris alikuwa amekaa mbele yangu, madawati mawili mbele, na niliona shingo yake imeinama, kalamu imesimama. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida yake. Kisha akaandika.

Mchana, tulipotoka, Mwalimu Damari alitukusanya barazani na karatasi ya maswali mkononi, akaanza kutuuliza mmoja mmoja. Alipofika kwenye swali la tangi aliniuliza mimi kwanza.

“Tano, Mwalimu,” nikasema.

“Vizuri. Nembris?”

Nembris alikuwa amegeuka na kunitazama mimi. Nilimwona akihesabu, kama alivyokuwa akihesabu siku zote, kimya, bila kuonyesha. Kama jibu langu lilikuwa tano, basi nililijua neno. Nilimwona akifika mwisho wa hesabu hiyo.

“Sita,” akasema.

Mwalimu Damari akashusha karatasi. “Sita? Basi yatabaki manne! Nani amekufundisha kwamba hiyo ni kupungua?”

Nikangoja. Wenzetu wote walijua ni mimi niliyekuwa nikisoma naye.

“Nilichanganya mwenyewe, Mwalimu,” Nembris akajibu.

Tulipokwenda mtoni jioni alitembea mbele, na mimi nyuma yake mpaka majini. Hapo akaniuliza bila kugeuka, “Ulijua lini?”

“Ijumaa.”

Akainamisha ndoo yake, akaijaza. “Nilishangaa,” akasema. “Kwetu hakuna mtu anayewaachia ng'ombe maji mpaka tangi likaribie kukauka. Nilijua si sawa. Lakini wewe ulikuwa umesema.” Akajitwika ndoo akapanda mteremko. Hatukuzungumza tena mpaka siku ya kufunga shule, alipopanda nyuma ya lori la mfanyabiashara mmoja wa Kihindi lililokuwa likielekea kwao, na hapo aliniaga kama alivyowaaga wengine, kwa mkono, kwa adabu.

Matokeo yalikuja kwa barua baada ya Krismasi. Binti wa mchungaji alifaulu, na mimi nilifaulu. Nembris alikosa. Sijui alikosa kwa alama ngapi, na hakuna aliyejua, kwa hiyo siwezi kusema kwa hakika kwamba swali lile ndilo lililomwangusha. Nimejaribu kujiegemeza kwenye kutojua huko, na hakunibebi. Mwalimu Damari alisafiri hadi Oldonyo Sambu kumwomba baba yake amruhusu kurudia mwaka. Aliporudi alinihadithia, na nadhani alijua alichokuwa akifanya aliponihadithia. Mzee yule alimpokea vizuri, akampa maziwa, akamwambia kwamba ameuza madume mawili kwa ajili ya shule hiyo huku ndugu zake wakimcheka, na kwamba hana la tatu la kuuza. Kisha akauliza, “Mwanangu anahesabu ng'ombe mnadani kuliko karani. Ameshindwa nini?”

“Ulimjibuje, Mwalimu?” nikauliza.

“Nilimwambia ameshindwa maneno.” Akanitazama usoni kidogo, akaenda.

Nilikwenda sekondari, nikasoma ualimu, na baada ya uhuru nikafundisha hesabu katika shule za Arusha mpaka nilipostaafu. Katika miaka hiyo nyingi sikuwahi kumwacha mwanafunzi aondoke na neno asilolielewa, na watu walinisifu kwa subira. Sifa hizo zilinichosha. Ningeweza kufika Oldonyo Sambu kwa asubuhi moja tu, na nilichukua zaidi ya miaka hamsini kwenda.

Nilimkuta Nembris amezeeka kama mimi, mjane, mama wa watoto saba, amekaa nje akichambua maharage. Alinitambua kabla sijajitaja. Tulikunywa chai ya maziwa, tukaulizana habari za watoto, na chai ilipokaribia kwisha nikasema nililokwenda kusema. Nilisema vibaya, kwa kukatakata, kama mtu asiyejua lugha. Alinisikiliza mpaka mwisho huku vidole vyake vikiendelea kutoa mawe kwenye maharage.

“Nilikasirika miaka mingi,” akasema. “Halafu nikawa na kazi. Watoto, shamba, mume mgonjwa. Sikuwa na nguvu ya kukasirika pia.” Akatupa jiwe pembeni. “Lakini usije ukaniambia kwamba halikuwa jambo kubwa, mama. Ningekuwa mwalimu mzuri.”

“Ungenishinda,” nikamwambia.

“Ndiyo,” akasema, bila ubaya wowote. “Ningekushinda.”

Siku hizi wajukuu zangu wana vitabu vya rangi, kila mtoto na chake, na wanaanza Kiingereza wakiwa hata meno hayajang'oka. Kiswahili nacho kimepata maneno yake ya pembe, milinganyo na riba, yamepangwa vizuri kwenye kamusi, na mtoto akikwama anabonyeza simu ya mama yake. Ninafurahi kwa ajili yao, kadiri ninavyoweza kufurahi siku hizi. Sisi tulikuwa na kitabu kimoja, karatasi za sukari na midomo yetu, na kila mmoja alikuwa kamusi ya mwenzake. Wakati mwingine wajukuu huniuliza kama ilikuwa vigumu kusoma zamani, na mimi huwaambia juu ya baridi, makande na kuteka maji. Hayo ni rahisi kusimulia.

Siku ile Nembris alinisindikiza hadi barabarani. Tulisimama tukingoja gari, wazee wawili, tukizungumza juu ya magoti yetu na bei ya dawa. Gari lilipotokea kwa mbali alinishika mkono akasema, “Uje tena. Uje asubuhi, tupate muda.” Nilimwambia nitakuja. Ilikuwa kabla ya mvua za mwaka juzi, na bado sijaenda.