Benchi la Mama Odeta

Gaudensia, ambaye kijiji kizima cha Kasekese kinamwita Mama Odeta, anauza ugali na samaki wa migebuka pembeni ya gulio, na benchi analo moja tu. Ni ubao mrefu wa mninga ambao fundi aliupigilia miguu karibu na katikati badala ya kwenye ncha. Aliyekaa ncha hii akisimama ghafla, wa ncha ile anakwenda chini na sahani yake. Ndiyo maana kwake hanyanyuki mtu bila kusema, "Nainuka." Mgeni huanguka mara moja tu, basi ameshajua.

Halafu ng'ombe wa Manyanda wakaingia kwenye mahindi ya Edgar. Fimbo zikatembea, kijiji kikagawanyika, wafugaji huku, wakulima kule. Watu waliozoea kutaniana wakawa wanapishana kama hawajuani. Wakulima wakamtaka Mama Odeta alikate benchi, kila upande ukae kivyake. Wafugaji, waliokuwa wamekataa kila neno la wakulima, hilo wakalikubali. Edgar akaja na msumeno kabisa.

Mama Odeta akampokonya, akauweka juu ya kigoda chake, akaukalia. "Nyie mmeshindwa kugawana njia ya ng'ombe, sasa mnataka kunigawia benchi? Anayetaka la kwake aje nalo kichwani."

Wakamsusa. Ugali ukalala, wanawe wakaula mpaka wakauchoka. Shoga yake Theopista akamsihi akate tu, biashara haitaki ubishi. Hofu alikuwa nayo, maana jiko lile ndilo lililomlisha yeye na wanawe. Lakini hasira ilizidi hofu. Kila asubuhi alilifuta benchi lote, ncha hadi ncha, makusudi, watu wakimwona.

Njaa haina baunsa. Siku ya gulio Manyanda alikuja, akakaa katikati. Edgar naye akaja akiinamisha uso, akakaa ncha moja, Manyanda akalazimika kusogea ya pili ubao usipinduke. Wakala bila kutazamana.

Edgar alimaliza kwanza. Sahani ya Manyanda ilikuwa bado imejaa mchuzi wa moto. Kusimama tu kungetosha kulipiza yale mahindi, na kila aliyekuwapo alilijua hilo. Mama Odeta, juu ya kigoda chake kile kile, aliacha kusonga ugali.

"Manyanda," Edgar akasema, "nainuka."

Manyanda akaishika sahani yake, akasogea katikati. "Haya, inuka."

Edgar akainuka taratibu, akaomba msumeno wake arudi nao nyumbani.

"Bado nimeukalia," akajibu Mama Odeta, na kweli hakunyanyuka.