Kadi tisa ndani ya Biblia ya Wangu

Saa moja kasorobo asubuhi, ukungu bado umeyakalia mashamba ya viazi ya Dundori, na Wangu Ndung'u tayari anabisha hodi mlango wa nne. Begani amening'iniza begi la bluu lenye mashine ya kupima presha. Gambuti zake zimejaa tope.

Mlango huu ndio aliokuwa akiuwaza tangu alipoamka. Ndani amelala Abby, mwanamke wa miaka 31, mjamzito wa miezi minane, miguu imevimba hata viatu havimwingii. Wangu anamfunga mashine mkononi, anangoja, anasoma. Ni 158 juu, 102 chini. Anampima mkono wa pili, kana kwamba huo utakuwa na huruma zaidi.

"Kila nikipima huyu, naona ni mimi nimemkosea," anasema akiwa uani, mbali na dirisha.

Wangu, mwenye umri wa miaka 49, ni mhudumu wa afya ya jamii. Ana nyumba karibu mia moja za kutembelea, na posho ya shilingi elfu tano kwa mwezi, ambayo ikichelewa huenda kuvuna viazi vya watu. Pia ni mshirika wa kanisa dogo la mabati lililo juu ya barabara. Alibatizwa pale, akafunga ndoa pale, na mumewe akaombewa pale kabla ya kuzikwa.

Kanisa hilo hufundisha kwamba kuzuia mimba ni kumpangia Mungu kazi. Kanisa lingine, mwendo wa dakika kumi tu, lina zahanati inayodunga sindano ya miezi mitatu kila Alhamisi. La tatu huwafundisha wanandoa kuhesabu siku. Makanisa yote matatu yanasoma Biblia ileile, na jibu atakalopata mwanamke hutegemea ameingia mlango upi.

Wanawake tisa wa kanisa la Wangu waliingia mlango wa zahanati. Hawakuthubutu kurudi nyumbani na kadi zenye tarehe ya sindano ijayo, wakamwachia yeye. Naye akazihifadhi mahali alipoamini hapana mkono ungefika: ndani ya jalada la Biblia yake, lile la ngozi lenye zipu.

"Nani atafungua Bible ya mwenyewe?" anauliza.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo hadi linaudhi. Akina mama wa kanisa walikuwa wamenunua majalada arobaini kwa mfanyabiashara mmoja mjini Nakuru, yote meusi, yote yenye msalaba uleule wa uzi wa dhahabu. Jumapili moja ya Aprili mwaka jana mvua ilimwagika ibada ikiisha, kila mtu akanyakua Biblia na kukimbia. Wangu alifika kwake, akafungua zipu, akakuta miwani ya Mama Jerry, mke wa mzee wa kanisa.

Alikimbia hadi nyumbani kwa Mama Jerry akilowa. Alipofika, kadi zilikuwa zimepangwa mezani, na mumewe, Mzee Jamleck, alikuwa akizisoma.

Jumapili iliyofuata mzee aliyasoma majina yote tisa mbele ya washirika. Wangu akatengwa na Meza ya Bwana mpaka atubu hadharani. Hajatubu. Huketi benchi la nyuma, na sahani ya mkate ikipita huinamisha kichwa.

Mzee Jamleck ni mtu mpole na hakatai kuzungumza. "Sina chuki na Wangu," anasema. "Lakini niliona siri ndani ya nyumba ya Mungu. Ningenyamaza, siku ile ya hukumu ningejibu nini?" Alipoulizwa kuhusu Abby, alisema wanamwombea.

Jina la Abby lilikuwa la sita. Ana watoto watano, na alipojifungua wa mwisho alivuja damu mpaka akaongezewa chupa tatu. Daktari alimwonya asijaribu tena. Mumewe, Jeff, aliamini kwamba Mungu aliyemponya mara ile angemlinda hata mara nyingine. Majina yaliposomwa hakumpiga wala kumtukana. Alinyamaza wiki mbili nzima, wakila meza moja, na Abby akaona heri angefoka. Sindano iliyofuata hakwenda.

Hilo ndilo linalomla Wangu. Aliwasaidia wanawake hawa kuficha, lakini hakuwasaidia kusema.

Leo anamwambia Jeff bila kuzunguka kwamba mkewe lazima afike hospitali ya Nakuru asubuhi hii. Jeff alitaka wangoje maombi ya Jumapili, kwani washirika wamefunga kwa ajili yake tangu juzi. Amesimama mlangoni, kofia mkononi, macho mekundu.

"Mama Natalie, kwani kufunga hakutoshi?" anamuuliza Wangu.

"Funga, Baba Joan," Wangu anamjibu. "Lakini funga ukiwa ndani ya gari."

Jeff anatoka kumtafuta Kimeli, jirani anayepakia viazi kwenye pikapu kupeleka mjini. Kitandani, Abby anamtazama Wangu akikunja nguo za mtoto.

"Nikirudi, nitakuwa nimewaambia madaktari wafunge kizazi," anasema. "Na karatasi ya hospitali usinifichie. Nitaiweka kwa meza, Baba Joan aione."

Wangu anakunja nguo ya mwisho.

Pikapu inafika. Kimeli anateremsha magunia manne na kuyaacha kando ya barabara ili godoro lienee. Wangu anapanda nyuma na kukipakata kichwa cha Abby. Biblia yake imo begini pamoja na mashine, haina jalada siku hizi, na pembe zake zimeanza kukunjamana.

"Kunirudisha kwa Meza ya Bwana, hiyo nimeachia Mungu," Wangu anasema, huku Jeff akifunga mlango wa nyuma wa gari. "Mimi naomba Jumapili moja tu. Nikae hiyo benchi ya nyuma, nione Abby akiingia na miguu yake."