Gego la Asumini

Mwanangu, ipo siku moja ya usichana wangu ambayo kila ikinijia hucheka peke yangu, hata wajukuu hudhani uzee umeanza kunichezea. Kaa nikuhadithie. Hadithi yenyewe ina punda ndani yake, kwa hiyo usinikimbize.

Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi, hapa kwetu Unguja. Baba yangu, Mzee Makame, alikuwa amepata eka zake tatu upande wa Mwanakwerekwe, na wakati huo kule kote ni mihogo na minazi tu. Alikuwa na gari la punda. Asubuhi hulipakia mihogo na nazi akazipeleka mjini, sokoni Darajani, na akirudi hubeba chochote atakachopewa na watu. Tulikula kwa gari lile na tulivaa kwa gari lile, na aliyelivuta ni Asumini.

Asumini alikuwa punda jike, mweupe, wa mbegu ya Maskati. Baba alimpenda mno. Akiamka humsalimia Asumini kwanza, ndipo arudi ndani kumsalimia mama, na mama alikuwa halifurahii jambo hilo hata kidogo. Tena kila asubuhi alimpasulia nazi. Maji anakunywa yeye Baba, nazi yenyewe anampa punda pamoja na kifuu chake. Asumini aliikwangua kwa meno ya mbele taratibu mpaka kifuu kikabaki kitupu, kisha hukitia kinywani nacho akakivunjavunja. Majirani walikuja kutazama, na Baba akijaa furaha utadhani kamzaa yeye.

Basi mwaka ule, masika yalipokwisha, Asumini akabadilika. Akiwekewa majani hula kidogo, akaacha. Akivutwa hatamu hutupa kichwa huku na huku. Mbavu zikaanza kuonekana. Akifika njiani husimama, gari limejaa mihogo, jua linapanda, na Baba anambembeleza mbele za watu mpaka aone haya.

Kila mtu akawa na lake la kusema. Jirani mmoja alisema ni kijicho, akaja na chetezo cha ubani akamfukiza, na Asumini akapiga chafya chetezo kikaruka. Mwengine alisema kazeeka. Mwengine akasema punda dawa yake fimbo. Na mimi, msichana niliyejiona najua kila kitu, nilisema ana deko, asipotaka kula asile, njaa itamfundisha. Wakati wote huo Baba alikuwa akimwinua mdomo na kuwaonesha watu meno ya mbele, meupe, yamepangika. "Tazameni! Punda mwenye meno haya mgonjwa wa nini?"

Siku moja alipomvisha hatamu, Asumini akamuuma bega. Jeraha lilikuwa dogo, lakini moyo wa Baba ulivunjika. Alikaa barazani akasema, "Nimlee kwa nazi, kisha aniume? Ijumaa nampeleka kwa mwenye tanuri la chokaa. Atanipa dume."

Punda waliokwenda kuvuta mawe ya tanuri tulikuwa tukiwaona wakipita, na aliyekwenda hali yake dhaifu, mara nyingi hatukumwona tena. Nililia siku ile, mwanangu, ingawa ni mimi niliyesema njaa itamfundisha.

Katikati ya wiki ile ile akaja shangazi Mboja kutoka Uroa. Huyu ndiye dada mkubwa wa Baba, msokotaji wa kamba za makumbi, mwanamke mwenye tabasamu zuri kuliko wote niliowajua. Alikuwa hawezi kukaa mwezi bila ya kuja kutuona. Lakini kwa muda wa mwaka hivi alikuwa na jambo lililomuumiza mama yangu: hali chakula chetu. Mama akimpikia pweza wa nazi, shangazi anasema, "Nshakula, wifi yangu." Akimkaangia muhogo, "Nshashiba, wallahi." Anakunywa chai, iliyopoa tena, anaaga. Akishaondoka, mama humwambia Baba, "Dada yako ananiona mchafu."

Siku hiyo nayo sahani ya pweza ilikuja, na shangazi akasema keshakula. Mama aliirudisha jikoni. Shangazi akatoka nje kumpelekea Asumini kamba mpya aliyomsokotea, nami nikamfuata.

Alisimama pale bandani muda mrefu. Asumini alikuwa akitafuna, kichwa kakipinda upande mmoja. Anatafuna, anasita, anatafuna tena, kisha donge la majani linamwanguka kinywani, limelowa, halikusagika. Shangazi aliinama akaliokota donge lile akalifungua kwa vidole.

"Ana muda gani hivi?"

"Yapata mwezi, shangazi. Ana deko tu huyu."

Alinigeukia. Sauti yake haikupanda, lakini niliona aibu mpaka leo naiona. "Mwezi mzima mnamsema huyu. Nani kamtazama?"

Akamwita Baba kwa sauti.

"Makame!"

"Naam, dada!"

"Punda wako kavunjika gego. La nyuma, upande wa kushoto."

Baba alikuja mbio, akamwinua Asumini mdomo. "Si haya hapa? Mazima yote!"

"Hayo ya kuchekea," shangazi akasema. "Mimi nakwambia ya kutafunia."

Siku ya pili asubuhi nilikwenda mwenyewe kumtafuta bwana mifugo. Alikuja na baiskeli yake na mkoba, kijana mpole, akamwamkia shangazi shikamoo kabla hajamtazama mgonjwa. Shangazi akaitika marahaba akamweleza aliyoyaona, naye akasema, "Nadhani hujakosea, bibi." Akamfungua Asumini kinywa kwa chuma chake, akanambia nishike kichwa, Baba ashike masikio, mama alete beseni la maji ya chumvi. Ulimi wa punda unateleza, hivyo palitakiwa mtu wa kuukamata kwa kitambaa na kuuvutia pembeni. Shangazi aliukamata yeye.

Bwana mifugo akatazama ndani. "Naam, gego limepasuka. Kipande kinacheza, na ncha yake inamkata ulimi. Anakula nini huyu?"

Baba akakohoa. "Majani. Pumba. Na nazi kidogo."

"Nazi iliyokunwa?"

"Ya... ya na kifuu chake."

Kijana alijaribu kujizuia akashindwa. Alicheka, mimi nikacheka, na majirani waliokuja kutazama wakacheka zaidi. Baba maskini alishika masikio ya punda wake akatazama chini. "Nilikuwa nampenda," akasema. Kwa kweli alikuwa akimpenda. Wala hakuna aliyeweza kumkasirikia.

Kipande kilitoka kwa koleo mara moja tu, kidogo, kina damu pembeni. Baada ya hapo ikaja tupa ndefu ya kusawazisha zile ncha, na hapo ndipo Asumini alipoanza kutetemeka. Shangazi akamkaribia sikioni, ulimi bado kaushika, akawa anasema naye taratibu.

"Najua, mwanangu. Najua. Linapiga mpaka sikioni. Ukinywa cha baridi linapiga, ukinywa cha moto linapiga. Ukilalia ubavu ule hulali. Njaa unayo, chakula unakitaka, unakiogopa. Sasa basi. Sasa yatakwisha."

Tupa ilikuwa inakwenda, na watu wanacheka bado. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa kasimama na beseni lake anamtazama wifi yake.

"Wifi," akasema, "wewe umejuaje kama linapiga mpaka sikioni?"

Shangazi alizidi kuukamata ule ulimi.

"Mboja. Mwaka mzima?"

Ndipo nikaona machozi yanamtoka shangazi, na mikono yake yote miwili imeshughulika, hana wa kumfutia. "Nliogopa koleo," akasema. "Na nliona haya. Wewe unanipikia pweza, umemtwanga, umemuunga vizuri, harufu yake naipata tangu njiani. Ntakwambiaje kuwa siwezi kumtafuna?"

Mama aliweka beseni chini. Alimfuta shangazi uso kwa ncha ya kanga yake, akamfuta tena, kisha akaanza kulia yeye, na wakati ule ule anacheka. "Na mimi nakusema! Kila ukiondoka nakusema!"

"Naelewa," shangazi akajibu. "Ningekuwa mimi ningekusema zaidi."

Asumini alipotolewa chuma kinywani alikaa kidogo akiulambalamba mdomo wake, hasadiki. Tukamtilia pumba zilizolowekwa. Alinusa, akaonja, akatafuna kwa upande mmoja, kisha kwa pande zote mbili, na halikuanguka donge. Alimaliza chombo kizima akakisukuma kwa pua kumdai Baba kingine. Habari za tanuri la chokaa hazikutajwa tena nyumbani kwetu, na nazi akawa anapewa iliyokunwa, Baba kakalia mbuzi anamkunia kwa mkono wake. Mama alisema hajapata kumwona akimkunia yeye.

Na mama siku ile aliingia jikoni hakutoka. Alipika boko boko, ngano na kuku vimepigwa mwiko mpaka vikawa laini kabisa, samli juu. Akaleta sahani moja, akakaa na wifi yake wakala pamoja. Shangazi alikula, mwanangu! Alikula mpaka akafungua shingo ya gauni. Sikuwahi kumwona mama kafurahi vile, na mimi harusi yangu aliifurahia sana.

Shangazi alikaa kwetu wiki nzima akilishwa laini. Alikuwa akisema anamngojea Asumini apate nguvu, lakini sote tulijua analingojea koleo la daktari limsahau. Halikusahau. Asumini alipokuwa tayari, tuliweka godoro na mito juu ya gari, tukampandisha shangazi, tukaenda naye hospitali mjini. Tulipopita Darajani watu wakawa wanauliza, "Bibi harusi huyo?" Baba anajibu, "Ndiye!" Shangazi kajifunika buibui, anacheka na shavu lake limevimba.

Daktari wa meno alimkalisha kitini. Shangazi akamshika mama mkono, akafumba macho, na gego likatoka hata hakupiga ukelele. Kishindo tulichokisikia kilikuwa cha Baba, aliyeanguka mlangoni. Yeye aliyeshika masikio ya punda asitikisike, alipoona damu ya dada yake akazirai, na ikabidi wauguzi waache mgonjwa wamshughulikie msindikizaji. Tukarudi Mwanakwerekwe, Baba kalala kwenye godoro na shangazi kashika hatamu.

Sasa, mwanangu, nisikilize kabla hujaondoka. Umekuja kwangu unalalamika kuwa mumeo kawa mkali, hakai barazani, chakula anakisukuma. Umeshawaambia na rafiki zako, nao wameshakupa sababu zao, kila mtu ya kwake. Mimi sijui ana nini. Huenda ana kosa, huenda ana maumivu, na wewe pia hujui. Rudi nyumbani ukae karibu naye umtazame kwanza. Muulize kwa upole, na asipojibu leo, muulize kesho. Usitosheke na yale ya kuchekea.

Na hili la pili ndilo zito kwangu, kwa sababu nakujua. Wewe mwenyewe ukiumwa, sema. Usiwe unakataa sahani ya mwenzio mwaka mzima ukamwachia atafute maana yake, kwa sababu ataipata mbaya. Wanaokupenda hawawezi kukuhurumia kwa jambo usilowaambia. Shangazi yangu aliishi miaka mingi baada ya siku ile, na alikuwa akinambia gego halikumuuma sana kama ule mwaka wa kusema nshakula.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu aijaalie nyumba yako iwe ya watu wanaotazamana na kuulizana. Akupe riziki na hamu ya kuila, akupe meno mazima mpaka uzeeni, na siku yatakapotoka, akupe mtu wa kukupikia laini na kukaa akala pamoja nawe. Amin.