Mikoba sita ya mtumba

Asubuhi, jua halijapata nguvu, mzee mmoja amelala kifudifudi juu ya ubao wenye magurudumu. Mikono ameitandaza, miguu ameikunja nyuma, tumbo limebanwa na ubao: anaonyesha mkao wa kuanguka angani, hapa kwenye saruji ya banda la ndege. Wanafunzi sita wamemzunguka. Mmoja wao, muuguzi, anauma midomo asicheke.

"Cheka tu, binti yangu," anasema mzee bila kuinua kichwa. "Huku chini kucheka ni bure."

Wanamwita Kipanga. Jina alilopewa na wazazi limebaki kwenye kitambulisho. Kazi yake ni kufundisha watu kuruka kutoka kwenye ndege kwa parachuti, na ameifanya tangu nywele zake ni nyeusi ti. Leo hazipo kabisa, na magoti yanalia kila anapoinuka.

Anainuka. Yanalia.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nikipanda nambeba, nikishuka ananibeba."

"Parachuti!" wanajibu kwa sauti moja, kama watoto wa darasa la kwanza.

"Haya. Na akikataa kunibeba?"

Kipanga anasogea mezani.

"Basi hilo ndilo somo la leo."

Mezani ipo mikoba sita. Mkoba ndio unaovaliwa mgongoni, na ndani yake hukunjwa parachuti mbili: kubwa, na nyingine ya akiba. Kubwa hufunguliwa kwa kishikio. Ukikivuta na kukiachia, hutoka kiparachuti kidogo, nacho hukamata upepo na kuikokota kubwa nje.

Tatizo liko hapo hapo kwenye kishikio. Mikoba minne inacho nyuma, chini ya mkoba, pale mkono unapofika kiunoni. Miwili, ya zamani zaidi, inacho mbele, kwenye mkanda wa paja. Mwenye klabu ameinunua yote kwa mkupuo kutoka klabu iliyofungwa, mtumba juu ya mtumba. Jumamosi mikoba hiyo inapanda angani.

Kipanga anawaambia wanafunzi wabadilishane mikoba, wafunge macho, wavute. Muuguzi, aliyezoea kishikio cha nyuma, sasa amevaa cha pajani. Mkono wake unakwenda kiunoni. Unapapasa. Unapapasa tena, kama mtu anayetafuta swichi ya taa kwenye nyumba ya ugenini.

Kipanga anageuza uso ukutani.

Mkono huo ameshauona. Mvua za mwaka huu zilipokatika, kifungua mimba wake, naye mwalimu hapo hapo klabuni, aliukuta mkoba wake umelowa. Akaazima wa mwenzake. Kishikio cha ule kilikuwa pajani. Baba alikuwa chini na darubini.

"Nilimwona anatafuta nyuma," anasimulia, sauti imeshuka. "Nikapiga kelele: mbele, mwanangu, mbele! Utasikiwa na nani? Mtu anaanguka, upepo umemjaa masikioni. Akaja akavuta ya akiba. Ikaanza kuchanua. Ilichanua vizuri tu, ila ardhi nayo ilikuwa imefika."

Anavuta kiti, anakaa.

Tangu siku ile ushauri wake kuhusu vifaa umekuwa mfupi na mkali. Viatu viwe vya kamba za kawaida; vile vyenye vindoano hunasa nyuzi za parachuti. Helmeti ikubane mpaka mashavu yavimbe. Kipimo cha urefu, kile kinachovaliwa mkononi kama saa, kitazamwe kila mara.

"Ukiyatazama mawingu badala yake, yatakusindikiza mpaka chini," anasema. "Na mkoba usiuazime kama unavyoazima koti. Koti likikubana utavua."

Mwenye klabu, kijana nadhifu mwenye funguo nyingi kiunoni, anaingia kuuliza kama Jumamosi iko palepale.

"Mikoba minne iko palepale," anajibu Kipanga. "Miwili ishonwe upya kwanza, kishikio kiende nyuma kama vya wenzake. Ama isubiri."

"Mzee wangu, hawa ni watu wazima. Waambie kishikio kiko wapi, yaishe."

"Mwanangu nilimwambia asubuhi ileile. Akatikisa kichwa, akasema baba nimesikia. Kichwa kilisikia. Mkono haukusikia."

Mwenye klabu anachezea funguo zake. "Pole sana kwa yale. Lakini watu wameshalipa. Ukikataa kuwapandisha, yupo atakayewapandisha."

Hapo ndipo mzee anapobanwa. Hulipwa kwa mruko, na siku ya mawingu hurudi nyumbani mikono mitupu. Akisusa, unga wake unamwagika, na mikoba ile miwili itapanda vilevile juu ya migongo ya watu waliomwita mwalimu.

Fundi wa kuishona yupo mmoja tu anayemwamini. Ni mke wake.

Kwa miaka mingi mama huyu ndiye aliyekuwa fundi wa parachuti wa klabu: kukunja za akiba, kutia lakiri, kushona mikanda kwa uzi ambao wewe na mimi hatuwezi kuukata kwa meno. Baada ya msiba alifunga mlango wa chumba cha ushonaji, akampa mumewe ufunguo, na hajakanyaga tena. Siku hizi anashona sare za shule sebuleni.

Mumewe anamkuta anapiga pasi kola.

"Mama watoto, imekuja mikoba sita."

"Habari za kule usiniletee."

"Miwili ina kishikio pajani."

Pasi inasimama. Harufu ya kitambaa kinachoanza kuungua inapanda, ndipo anaiinua.

"Nikiishona, watu wataruka nayo," anasema.

"Usipoishona, wataruka nayo."

"Baba watoto, hivi unajua unaniomba nini?"

"Najua."

Anaitazama ile kola iliyoingia alama ya kahawia. "Umeshaniharibia sare ya mtoto wa watu," anasema. Kisha, bila kumtazama: "Sindano zangu, wamezigusa?"

"Mlango haujafunguliwa."

Ijumaa mchana fundi yumo ndani ya chumba kile. Vumbi limelala kwenye cherehani kubwa, na kwenye msumari bado inaning'inia fulana ya mazoezi ambayo hakuna aliyekuja kuichukua. Anaitazama mara moja tu, halafu anageuza kiti aipe mgongo.

Mkoba wa kwanza anaufumua, anaushonea mfuko mpya nyuma, anahamisha kishikio. Anamwita mumewe auvae. Kipanga anafumba macho, anavuta, kinatoka. Anarudia mpaka fundi aseme basi.

Mkoba wa pili anaupindua, anaufikicha mkanda wa bega kwa kidole gumba. Anaufikicha tena. Anausogeza dirishani.

"Njoo uone."

Nyuzi zinabanduka kama unga wa muhogo. Jua na jasho la miaka vimeula mkanda kwa ndani, nje umebaki na rangi yake nzuri. Parachuti ikichanua kwa kishindo, mvaaji angechomoka, parachuti ibaki peke yake juu.

"Hapa hata kishikio kingekuwa puani," anasema fundi, "isingesaidia."

Hamwombi mtu ruhusa. Anachukua mkasi mkubwa, anakata mkanda wa bega la kulia. Anakata wa kushoto. Anageukia mikanda ya mapaja. Mwenye klabu anafika mlangoni wakati wa mkanda wa mwisho.

"Mama! Unafanya nini? Hiyo ni mali yangu!"

"Na mimi nilikuwa na mali yangu," anamjibu, mkasi haujasimama, "ndani ya mkoba wa kuazima."

Kijana anaokota kipande cha mkanda kilichoanguka sakafuni.

"Kuanzia Jumatatu msije hapa. Wote wawili."

"Leo Ijumaa," anasema fundi. "Nipishe kwenye mwanga, nina mikoba minne ya kukagua."

Jumamosi wanapanda wanafunzi watano, na mwalimu wao kwa mkoba wake mwenyewe. Aliyekosa mkoba ni muuguzi, na hakumung'unya maneno.

"Nimebadilishana zamu na watu watatu ili nije, bibi! Sasa nimekuja kutazama?"

"Tazama, mjukuu wangu," fundi anamwambia. "Kutazama nako ni kazi."

Ndege inakuwa nukta. Kutoka kwenye nukta zinadondoka nukta nyingine. Fundi amemshika muuguzi mkono na haonekani kujua kuwa amemshika. Inachanua moja, ya pili, ya tatu. Ya nne inachelewa, muuguzi anasema, "Bibi, kucha zako," halafu inachanua. Ya tano. Wa mwisho ni mzee mwenyewe, mwenye parachuti iliyofifia rangi.

Wote wanatua. Mmoja ameteguka kifundo cha mguu na anacheka huku analia. Watu wanawakimbilia, mwenye klabu anapiga picha. Fundi amebaki pale pale, shingo imeinuka, anatazama juu kwenye mbingu isiyo na mtu. Kipanga anamfuata, parachuti ameikumbatia kifuani kama furushi la nguo, anasimama kando yake. Hamwambii twende.

Jumatatu hawaendi klabuni. Sare za shule zimesogezwa upande mmoja wa sebule, na upande wa pili pamewekwa meza ndefu. Mpango wao ni kuwa mrukaji yeyote, wa klabu yoyote, alete mkoba wake hapo ukaguliwe kabla hajapanda nao, na wenye kishikio pajani uhamishiwe nyuma. Wa kwanza kufika ni mwanafunzi aliyeteguka mguu, na mkoba alionunuliwa na kaka yake. Kazi bado haijawaka. Kodi ya nyumba haijui habari hizo.

"Nitafundisha hapa hapa chini," anasema Kipanga. "Nitawalaza sakafuni, wavute mpaka mkono ujue wenyewe."

Mwanafunzi anamuuliza anatarajia nini baada ya hapo. Mzee anamtazama mkewe anayetunga uzi kwenye sindano.

"Nataka wanafunzi wangu wote wafe wazee," anasema. "Vitandani, wamechoka, wanawagombeza wajukuu kwamba chai imepoa."