Rutabara wa Katonga

Naomba radhi kabla sijaanza, maana kisa hiki nitakisimulia vibaya. Sisemi hivyo kwa unyenyekevu. Mimi na unyenyekevu hatujawahi kula sahani moja. Ni kwamba nimezoea jukwaa la vichekesho, ambako nikikosea watu wanaguna, nami najua pa kugeuzia. Wewe hapo unasoma kimya, huenda hata miguu umeikunja, na sina njia ya kujua kama umeshanichoka. Basi ukiona nimeharakisha mahali pa kulia na nikachelewa mahali pa kucheka, vumilia tu.

Nilipokuwa mtoto, pale Katonga, kwetu ukingoni mwa ziwa karibu na Ujiji, kila mtu alijua kwamba kichanga asiyenyamaza analilia jina. Si tumbo, si sikio, si jua kali. Jina. Yuko mtu wa ukoo, amekwisha kufa, anataka aitwe tena, na mtoto ndiye mlango aliochagua kubisha. Kazi ya walio hai ni kukisia nani anayebisha. Mimi mwenyewe naitwa Shabani kwa njia hiyo. Shabani wa kwanza alikuwa babu mmoja ambaye sifa yake pekee katika ukoo ni kwamba alipenda kulala, na inasemekana nilipoitwa jina lake nilisinzia papo hapo.

Mdogo wangu alizaliwa nikiwa na miaka tisa. Siku ya saba alinyolewa, akapewa jina la Idrisa, watu wakala wali na mbuzi, wakaenda zao. Siku ya nane akaanza kulia. Alilia kama mtu aliyedhulumiwa kiwanja. Akipewa titi anageuza uso, akiwekwa begani analia, akilazwa analia. Alipelekwa zahanati, wakampima, wakasema hawaoni ugonjwa, anyonyeshwe. Anyonyeshwe! Kama vile sisi tulikuwa tunamlisha ugali.

Hapa lazima nikuambie jambo moja, halafu tuendelee. Kati yangu na yeye, Mama alikuwa amejifungua mara mbili, na mara zote mbili Baba alirudi kutoka makaburini na jembe begani, akaliegemeza ukutani. Kwa hiyo uso wa Idrisa ulipoanza kukunjamana kama wa mzee, hakuna aliyefanya mzaha nyumbani. Hata mimi.

Bibi, mama yake Baba, ndiye aliyetoa hukumu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwanika dagaa hodari, aliyenukia dagaa na udi, kwa mpangilio huo. Akasema huyu ana mtu wake, tumtafute. Basi kila siku baada ya alasiri Mama aliketi mkekani, mtoto mapajani. Bibi aliinama sikioni mwa mtoto akataja jina la marehemu mmoja, Mama akamsogezea titi. Akikataa, marehemu huyo anaombewa mapumziko mema na anafuata mwingine. Akinyonya mara tatu kwa jina lile lile, ndiye. Aliitwa mjomba aliyefia Mpanda. Waliitwa babu wa pande zote mbili. Aliitwa hata babu mmoja ambaye shangazi Mwajuma, dada yake Baba, hakutaka atajwe kwa sababu alikuwa mlevi. Bibi akamjibu kwamba walevi nao wana haki ya kupiga hodi. Mtoto akawakataa wote, walevi na wacha Mungu.

Mimi jina nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo tangu siku ya kwanza, ila lilikuwa limekatazwa.

Tukichambua dagaa, Bibi alikuwa na desturi ya kusimulia habari za mashujaa wa zamani, zamani za wafalme wa Buha na ngoma zao, kabla misafara ya pembe za ndovu haijafika Ujiji. Wa kwanza moyoni mwangu alikuwa Rutabara. Watu wa ng'ambo waliiba ngoma ya ufalme, na nchi isiyo na ngoma haina mvua wala kauli. Mashujaa wote wakaumwa ghafla, huyu mgongo, yule jino. Rutabara akachukua ngao yake ya ngozi ya kiboko, akailaza juu ya maji, akalala kifudifudi juu yake, akapiga mikono mpaka ng'ambo, akaikomboa ngoma. Wakati wa kurudi ikaja tufani. Ngao haikuweza kubeba mtu na ngoma. Rutabara akaiacha ngoma juu, yeye akaogelea nyuma akiisukuma. Ngoma ilifika ufukweni bila kulowa. Rutabara hakufika.

Niliwahi kumwuliza Bibi kwa nini ukoo mzima hauna Rutabara hata mmoja. Alinijibu bila kuinua macho kwenye ungo:

"Jina la hekaya huja na mwisho wake, mume wangu. Ukimwita mtoto Rutabara, ziwa litadhani kuna kazi halijaimaliza."

Mume wake ndiye mimi. Wajukuu wa kiume wote tulikuwa waume zake, na alituvunjia ndoa mara tatu kwa siku.

Sasa fikiria akili ya mtoto wa miaka tisa. Wale wawili waliotangulia walipewa majina madogo madogo, mazuri, mepesi. Mimi nikaona ndiyo maana hawakuwa na uzito wa kubaki. Huyu wa tatu alihitaji jina zito, la mtu wa ngao. Mwisho wa hekaya haukunitisha. Kwanza aishi, ya ziwa tutayazungumza baadaye.

Miaka ile sukari ilikuwa adimu. Yetu ilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda cha Bibi, na hata Baba aliyeipangia foleni alikuwa haijui sura yake. Mama alipochoka na kulala kidogo mchana, mimi ndiye niliyeachiwa mtoto. Nililowesha kidole, nikakichovya koponi, nikainama sikioni mwake kama nilivyomwona Bibi, nikanong'ona: Rutabara. Kisha kidole mdomoni. Alikinyonya kama anakidai. Kwa siku mbili tulifanya mazoezi, mimi na yeye, na naweza kusema bila kujisifu kwamba sijawahi kupata mwanafunzi mwepesi kuliko huyo.

Siku ya tatu majina yaliisha. Bibi alitaja la mwisho, mtoto akageuza uso, na Bibi, ambaye sikuwahi kumwona ameketi kabla ya magharibi, akaketi. Mama alikuwa analia bila sauti, machozi yanamdondokea mtoto kichwani. Nikasema, mwiteni Rutabara.

Bibi alinitazama kama anavyotazama wingu la mvua dagaa wakiwa bado mchangani. Lakini kabla hajanyanyuka, mtoto alisikia lile jina, akageuza shingo, akaachama kama kinda. Mama akampa titi bila kufikiri. Akanyonya.

Bibi akaamuru anyamazishwe kila mtu. Akalitaja mwenyewe mara ya pili. Akanyonya. Mara ya tatu alinyonya mpaka akasinzia, na maziwa yakamchuruzika shavuni. Shangazi Mwajuma akaanza kupiga vigelegele, Bibi akamzuia kwa kiganja. Akajifunika khanga kichwani, akasema, "Basi amefika mwenyewe." Halafu akanigeukia, na safari hii hakuniita mume wake. "Shabani. Wewe ndiye uliyemwita. Ziwa likija kumdai, likukute wewe mlangoni."

Nikadhani ni maneno tu. Kumbe yalikuwa ajira.

Kuanzia siku hiyo mdogo wangu alikuwa haruhusiwi kugusa ziwa, katika nyumba iliyo hatua mia mbili kutoka ziwani. Maji yake ya kuoga yalichotwa, yakalazwa uani kwenye sufuria usiku mzima, ili yasahau yalikotoka. Akitumwa dukani alipita njia ya juu. Na mlinzi wake, yaani mimi, nami nisiingie majini, kwa sababu mwili wangu ungeleta harufu ya ziwa nyumbani likajua njia. Wenzangu walikuwa wanaruka kutoka kwenye mitumbwi iliyofungwa, mmoja baada ya mwingine, nami nimesimama mchangani na raba zangu miguuni. Waliniita Mzee wa Nchi Kavu. Mtoto wa Katonga asiyejua kuogelea! Heri ningekuwa sijui kula migebuka, samaki wa ziwa letu.

Utaniuliza kwa nini sikusema ukweli. Siku yoyote ningeweza. Lakini mtoto alikuwa anakua, anacheka, anaota meno, na Mama alikuwa ameanza tena kuimba akisonga ugali. Nani angegusa hapo? Na kusema kweli, baada ya mwaka mmoja mimi mwenyewe nilishaanza kuogopa. Nilikuwa naamka kwenda kuangalia kama sufuria limefunikwa.

Alipofika miaka minane, mimi nikiwa na kumi na saba, Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti, kazini, nikagundua kwamba ndani kumekuwa kimya mno. Nikazunguka nyuma. Hayupo. Nikakimbia mpaka ufukweni, na kabla sijauliza, wanawake waliokuwa wanaanika dagaa wakanionyesha ziwani kwa kidole. Kule mbali, ng'ambo ya mitumbwi, kilionekana kichwa kimoja kidogo.

Sikuvua raba. Niliingia nikipiga kelele jina lake, hatua moja, mbili, tatu, na ya nne haikukuta kitu. Ziwa letu halina subira, likianza kina limeanza. Nakumbuka maji yalikuwa safi sana na kimya sana, na nakumbuka nilimwazia Bibi, kwamba loo, alisema, na sasa linachukua wawili. Kisha mkono mdogo ukanishika ukosi wa shati.

Alikuja na dumu tupu la lita ishirini, limefungwa mdomo vizuri. Alinisukumia chini ya kifua, akaniambia nilikumbatie nisimshike yeye, halafu akapita nyuma yangu akaanza kupiga miguu. Hivyo ndivyo Rutabara alivyoirudisha ngoma ya pili ufukweni. Ngoma hii ilikuwa na kilo sitini na ilikuwa inatapika. Na safari hii walifika wote wawili.

Alinitazama nikiwa nimelala juu ya dagaa wa watu, akashangaa kwa dhati kabisa: "Kaka, kumbe wewe hujui?"

Alikuwa anajifunza kwa miaka miwili. Mimi nikilinda mlango wa mbele, yeye alitoka kwa upande wa choo.

Bibi alifika na Mama nyuma yake, maana habari Katonga haina haja ya viatu. Mbele ya umma ule nikatapika na ukweli: kopo, kidole, mazoezi ya siku mbili. Bibi akauliza taratibu, "Kwa hiyo miaka minane nimeyalaza maji uani bure?"

Nikamgeukia Mama nimwombe msamaha, kwani ndiye niliyemdanganya kwa kitu kikubwa kuliko sukari. Mama alikuwa anamfuta mdogo wangu maji kichwani kwa pindo la khanga, wala hakuacha kufuta.

"Niliziona chembe za sukari mdomoni mwake siku ile ya pili," alisema. "Mtoto wangu alikuwa ananyonya, Shabani. Hata angeitwa Kopo, ningeitika."

Bibi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashikwa asianguke. Kisha akatoa hukumu mpya: jina libaki, maana limeshazoea nyumba, mtoto aogelee, na mimi nifundishwe na yeye. Nilifundishwa. Kijana wa miaka kumi na saba, nimeshikwa tumboni na mtoto wa darasa la pili, Katonga nzima imekaa mchangani inatoa maoni.

Leo mdogo wangu anaendesha boti ya abiria kwenda vijiji vya kaskazini, na jina la Idrisa linaishi kwenye kitambulisho tu. Mimi nimezeeka kiasi cha kuchekwa nikiwa sijasema kitu, na bado sijui kama kichanga hulilia jina. Ninachojua ni kwamba watu wale walikaa siku tatu wakimwita kwa kila jina walilowahi kulipenda, na sioni mtoto angepata wapi nafasi ya kuondoka katikati ya kuitwa kiasi hicho. Wale wawili wa kwanza nao waliitwa, najua. Sina jibu la hapo, na Mama naye hajawahi kujifanya analo.

Mwezi uliopita binti yake Rutabara alijifungua mtoto wa kiume. Vijana wa siku hizi wanatafuta majina kwenye simu, ya mashujaa wa kale wa kila nchi, wapanda farasi wenye panga na wafalme wa kwenye theluji. Simu ikawa inazunguka barazani, kila mzee achague lake. Ilipofika kwa aliyekaa kushoto kwangu, shangazi Mwajuma akanyoosha mkono, akaipokea, akampa aliyekaa kulia kwangu. Sikulalamika. Maishani nimechagua jina moja tu, na ilibidi lije linivue majini mimi mwenyewe niliyelichagua.