Siku Niliyoimbwa Kwenye Mwethya

Katika mwethya wetu, kikundi cha kusaidiana kazi za shamba, hapa upande wa Kathonzweni, ukizembea hukaripiwi. Unaimbwa. Leo kikundi kizima kiko shambani kwako kinavuna ndengu, kesho kiko kwangu, na kazi ikipamba moto mama mmoja mwenye sauti nene anatunga wimbo papo hapo kumhusu aliyechelewa, au aliyetumwa maji akapotelea kwenye umbea. Wengine wanaitikia huku wakicheka. Anayeimbwa ananuna kidogo, kisha anachapa kazi.

Mimi sikuwahi kuimbwa. Miguu yangu iliacha kazi nikiwa mtoto, na afisa wa kilimo aliposema vikundi viwaingize watu wenye ulemavu, niliingizwa kwa vigelegele. Nilifurahi kupita kiasi. Kumbe niliingizwa ili nikae kivulini nipigwe picha. Nikishika jembe: "Woi, wacha tu mama, utaumia." Nikichelewa: "Woi, pole, barabara ni mbaya." Barabara gani? Nilikuwa nasukwa nywele! Hata siku niliyomwaga sufuria nzima ya uji, watu wenye njaa yao walinipa pole, na mwimbaji wetu akamwimba aliyeiweka sufuria karibu nami.

Hapo nilikasirika, na mimi nikikasirika kijiji kinajua. Nilitaka kuwa mwanachama kama wengine, mwenye zamu yake na lawama zake, si mgeni wa kudumu. Mavuno yaliyofuata nilitandika gunia katikati ya ndengu, nikalikalia, nikaanza kuchuma.

Kuchuma ndengu ni kazi ya chini. Wenzangu huinama mpaka viuno vinalia. Mimi nilikuwa nimeshafika. Nikajivuta kwa mikono, beseni mbele, gunia likinifuata. Nikasikia wakiguna nyuma yangu, nikaongeza mwendo. Siwezi kudanganya, kichwa kilivimba.

Tatizo la kuwa chini ni kwamba huoni mbali. Mpaka wa shamba lile ni mstari wa mikonge, lakini mahali pamoja mikonge ilikuwa imekufa, na ndengu za pande zote mbili zilikuwa zimeshikana. Nikapita hapohapo. Nikachuma, nikajaza beseni, nikaanza kujaza leso. Nilipoinua kichwa nikaona viatu vilivyopakwa rangi vizuri, na juu ya viatu hivyo alisimama jirani mwenye shamba, shemasi wa kanisa letu, mtu asiyecheka ovyo.

"Mama," akauliza, "hii shamba umenunua lini?"

Mwenyekiti wetu, mama mpole kupindukia, akaja mbio akifuta mikono.

"Woi, shemasi, msamehe tu. Si unaona vile ako."

"Niko vipi?" nikafoka. "Ni miguu ndio haitembei, macho iko sawa! Nimevuna shamba ya mtu juu ya kiherehere. Angekuwa mwingine, saa hii mngekuwa mmeshamwimba!"

Nilijua wakinipa pole tena mbele ya kosa kubwa namna hii, basi nitabaki kivulini maisha yangu yote. Shemasi alitazama mistari yake niliyoichuma, kisha akamgeukia mwimbaji.

"Kwani huyu haimbwi?" akauliza. "Mimi nangoja."

Mwimbaji akanitazama, na kwa mara ya kwanza sikuona huruma usoni mwake, niliona mtu anayetafuta maneno ya kuumiza. Akaanza polepole:

"Huyu mama wa gunia, mfungeni kamba! Leo amevuna kwa shemasi, kesho atavuka mto avune Kitui!"

Shamba zima likalipuka. Wakaitikia mfungeni kamba, mfungeni kamba, wengine wameshika mbavu, na shemasi mwenyewe akapiga kofi. Mimi machozi yakaanza kunitoka, nikayaacha. Mwenyekiti aliyaona, akanyoosha mikono kuwanyamazisha.

Nikachota ndengu za shemasi kwenye beseni nikamrushia mwenyekiti.

"Wee! Wacha waimbe!"

Naye akaduwaa, akatoa ndengu kwenye kilemba chake, akanielekezea kidole kwa hasira ya kweli kabisa.

"Mwimbeni tena," akasema, "na muongeze kwamba hana adabu."