Nyimbo za Mama Zilipopandishwa Sauti

Mama hakupenda maongezi ya simu. Alisema yanamfanya asahau alichotaka kusema. Kwa hiyo, tangu nije Riyadh kufanya kazi za ndani, alikuwa akiimba nyimbo za kanisani huku anapika, na dada yangu mdogo anamrekodi na kunitumia. Simu waliiweka dirishani, mbali na moshi, ndiyo maana sauti ilinifikia kama ya mtu anayeimba nyumba ya jirani.

Nilizisikiliza nikipiga pasi kanzu za bosi, waya wa sikioni nimeuficha chini ya kitambaa cha kichwa. Mashine ya kufua inanguruma, kiyoyozi nacho kinanguruma. Nilibaki kuokota neno hapa, neno pale.

Halafu Mama akafa. Dada alisema alianguka tu jikoni, ghafla, hakuumwa hata siku moja. Niliomba ruhusa nikazike. Pasipoti alikuwa nayo kafili, yaani bosi mwenyewe, na madam, mkewe, akasema, "Mafi safari, hakuna safari sasa. Baada ya Ramadhani." Kisha akanituma vikombe vya wageni. Nikavileta. Ningefanya nini? Nikajishikiza kwenye hilo neno ghafla. Angalau hakuteseka, nilijiambia, angalau hakulala kitandani akiuliza niko wapi.

Familia ya bosi ilipohamia Jeddah kwa likizo, dereva wao, Mkenya mwenzangu, alinikuta nimebana waya sikioni kwa kidole.

"Siz, hizo nyimbo ziko chini sana," akasema. "Nipe memori kadi. Niko na beshte mtaa wa Bani Malik ana laptop. Anazipandisha zote mara moja, si moja moja."

Aliirudisha kesho yake anatabasamu. Walizichagua nyimbo zote, wakaweka kiwango cha sauti, programu ikazipitia yenyewe wao wakinywa chai.

Nilimshukuru kwa moyo wote. Nikawasha pasi, nikaanza na wimbo wa mwisho kutumwa. Mama akaimba kana kwamba amesimama nyuma yangu. Nililia kwa furaha, sikatai. Lakini programu haichagui. Kila kitu kilikuwa kimepanda: mfuniko wa sufuria, kuku, na pumzi ya Mama ikikwaruza katikati ya beti. Wimbo ukaisha. Dada yangu huchelewa kuzima simu, na hapo mwishoni sikuzote nilisikia kimya tu. Sasa nikasikia kikohozi kirefu, kisha sauti ya dada: "Mum, wacha nimwambie."

"Usimwambie," Mama akasema. "Hata akijua, atatoka vipi huko? Nishike mkono nikalale."

Nikaweka wimbo wa nyuma yake. Kikohozi. Nikaweka wa zamani zaidi, wa mwaka mwingine kabisa. Kikohozi. Kanzu ikaungua begani, madam akapiga kelele. Nilimchukia madam, nikamchukia dada yangu, nikamchukia hata yule dereva wa watu asiye na kosa.

Nilimwomba dereva anirudishie nyimbo zilivyokuwa.

"Zile za kwanza zilifutika, siz. Lakini naweza kuzishusha."

Akaenda, wakazishusha, zote mara moja.

Ziko chini kama zamani. Tumerudi Riyadh, mashine inanguruma, kiyoyozi kinanguruma, na mimi nasikia kila kikohozi.